Sarafu ya Shimo la Tisa

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo cha polisi, magharibi mwa Houston, Texas
Tarehe: Jumatatu, 24 Machi 2025
Muda wa kuanza: Saa 3:10 asubuhi
Jina la shahidi: Kalisti Barampama
Umri: Miaka 54
Kazi: Kibarua, ghala la vigae na mabomba. Jumamosi hukata majani kwenye nyumba za watu
Makazi: Fleti, kusini-magharibi mwa Houston
Ndoa: Mgane
Elimu: Darasa la nne
Lugha: Kiswahili, kupitia mkalimani Natalia Kessy

Mke wangu amekufa. Jina lake Sabine. Alikufa Jumanne tarehe 14 Januari mwaka huu, saa nane na dakika ishirini mchana, hospitali, hapa Houston. Saratani ya ini. Nilikuwa nimemshika mguu kwa sababu mikono yote ilikuwa na mipira ya dawa.

Mzee Brandt naye amekufa. Jumapili tarehe 9 Februari, nyumbani kwake Katy, mji wa jirani na hapa, kwenye kiti chake. Aliye hai ni Alida, na ndiye mliyemkamata.

Leo nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Alhamisi tarehe 20 niliitwa, nikaulizwa, nikasema sijui. Nilidanganya. Afande ameniambia naweza kukaa na wakili kwanza. Nimesema sitaki. Wakili atanipa maneno yake, na mimi nina yangu, machache.

Mimi ni Mrundi. Nimekulia kambini, Tanzania, upande wa Kasulu. Darasa la nne niliishia hapo. Tulikuja Texas mwaka 2014, mimi na Sabine. Hatukujaliwa mtoto. Kiingereza changu ni cha ghalani: inua, sukuma, angalia mguu. Kusoma najua herufi. Neno refu linanichukua muda.

Mzee Brandt nilimjua mwezi wa nne mwaka 2022. Alida ndiye aliyenipeleka. Alida ni Mrundi mwenzetu, tunasali pamoja, alikuwa mlezi wa mzee huyo: kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa. Aliniambia, "Kaka Kalisti, mzee wangu anatafuta mtu wa majani. Ni mkali lakini hana neno." Nikaenda. Nyumba kubwa, majani mengi. Kila Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa pale.

Mzee alikuwa haoni vizuri. Katikati ya jicho paliharibika, anaona pembeni tu. Akitaka kukuangalia anageuza uso kama anakukasirikia. Siku za kwanza nilidhani ananichukia.

Alikuwa na sarafu za zamani sana. Dhahabu. Alisema ni za Wafranki, watu wa Ulaya, miaka elfu moja na mia nne iliyopita. Ziko kwenye trei ya mbao yenye kitambaa, mashimo kumi na mbili, kila sarafu na shimo lake. Ni ndogo. Kama kifungo cha mkono wa shati. Nyembamba. Ukipiga chafya unaipoteza.

Alikuwa anaandika kitabu chake cha kueleza kila sarafu: imetoka mji gani, nani aliipiga. Macho yakamwacha kabla hajamaliza. Akamwomba Alida amsomee kwenye picha, za sarafu mbili tatu za mwanzo, zenyewe hakumpa. Alida amesoma, ana cheti, anasoma haraka. Hilo ndilo lilikuwa tatizo. Herufi za sarafu hizo zimevunjika, nyingine zimegeuka, nyingine zimelala. Alida akiona tatu anamalizia neno mwenyewe. Mzee anakasirika. Anamwambia, "Usinipe neno. Nipe unachokiona."

Mwezi wa tisa mwaka huo, Jumamosi, sikumbuki tarehe, mvua ilinyesha, sikuweza kukata majani. Mzee aliniita ndani. Akanipa lenzi na sarafu. Akasema, "Wewe soma."

Nikamwambia sijui kusoma vizuri.

Akasema, "Vizuri. Anza."

Nikaanza. Nikasema naona kijiti kimoja kimesimama. Pembeni yake duara, halijafunga. Kisha nyoka amelala. Kisha paa la nyumba bila boriti. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Alida akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Mzee akamwambia, "Huyu hana haraka ya kujua." Alida akaniambia kwa Kirundi, "Kaka, umepandishwa cheo. Mimi nimebaki na sufuria."

Toka siku hiyo majani saa mbili, sarafu saa tano. Miaka miwili na miezi. Mzee alikuwa na kinasa sauti kidogo, anabonyeza, mimi nasema ninachokiona, yeye anasikiliza baadaye. Hicho ndicho mlichokipata. Sauti ile ni yangu.

Alinifundisha kuzijua. Naeleza, kwa sababu afande ameniuliza nawezaje mimi kusema ipi ni ya kweli.

Kwanza unaishika pembeni, si usoni. Unaweka kwenye mzani. Ya kweli inakwenda gramu moja na kidogo, moja na pointi tatu. Unaangalia ukingo. Ya kweli imepigwa kwa nyundo, ukingo umepasuka mahali, kama chapati iliyokauka. Ya uongo imemiminwa, ukingo wake ni laini kama sabuni iliyotumika, na ukiweka lenzi unaona vitundu vidogo, kama uji unaoanza kuchemka. Rangi vile vile. Za mwanzo ni njano. Za baadaye ni nyeupe nyeupe, walichanganya fedha, dhahabu iliwaishia.

Upande mmoja kuna kichwa cha mtu, kinatazama kulia. Si picha nzuri. Jicho ni punje. Nywele ni shanga. Upande wa pili msalaba. Kuzunguka kuna maandishi.

Mzee alisema hawa Wafranki wengi hawakuandika jina la mfalme. Waliandika jina la mji na jina la fundi aliyepiga sarafu. Hilo nilimwambia Sabine jioni. Nikamwambia, fikiria, jina la mtu wa nyundo juu ya dhahabu. Sabine akasema, "Na wewe ukabebe vigae vyako, uandike Kalisti juu ya kila kigae, tuone." Alikuwa mtu wa kucheka.

Sasa namba tisa.

Namba tisa ilikuwa na kikonyo juu. Kijipete kidogo cha dhahabu, kimeunganishwa zamani zile zile. Mzee alisema zenye kikonyo zilivaliwa. Mwanamke anatia uzi, anavaa shingoni. Akifa anazikwa nayo. Alisema nyingi za namna hiyo zimepatikana makaburini, na hii nayo aliamini imetoka kaburini kwa mwanamke, kwa jinsi ilivyolika upande wa msalaba. Mtu alikuwa anaisugua kwa kidole.

Kichwa chake kina shanga saba za nywele. Msalaba umesimama juu ya ngazi mbili. Chini ya kila mkono wa msalaba kuna kitone. Ukingo umepasuka mahali pa saa nne, ukiiweka kama saa. Jina la fundi lilikuwa halisomeki, kikonyo kimefunika herufi moja. Mzee aliisumbukia namba tisa zaidi ya zote. Zile nyingine kumi na moja alishajua zimetoka wapi. Hii hapana.

Sabine aliugua mwezi wa nane mwaka jana. Mwezi wa kumi na mbili akalazwa, hakutoka tena.

Alikuwa na rozari ya plastiki, ya kambini, tangu tunaoana. Tarehe 2 Januari, Alhamisi, uzi ulikatika kule chini, msalaba ukaanguka. Tulitafuta chini ya kitanda, ndani ya mashuka. Muuguzi naye alipiga magoti akatafuta na tochi ya simu. Haukuonekana. Nilifunga uzi, punje zikabaki, msalaba hakuna. Sabine alikuwa amepoteza fahamu nusu, lakini kidole gumba chake kilikuwa kinatafuta. Kinafika mwisho wa punje, kinasimama, kinarudi, kinafika tena. Siku nzima. Nilimnunulia rozari nyingine kanisani. Aliitupa. Si yake.

Jumamosi tarehe 4 Januari nilikwenda Katy. Mtu atauliza kwa nini nilikwenda kukata majani mke wangu yuko hivyo. Kodi haiulizi mke wako yuko vipi. Na pale hospitali dada mmoja wa kanisa alikuwa anakaa naye mpaka mchana.

Saa tano niliingia ndani. Alida alikuwa ametoka kwenda duka la dawa. Tulikuwa wawili tu. Mzee akasema leo namba tisa tena. Akabonyeza kinasa sauti. Nikaanza kusoma. Nikaisogeza dirishani, nikaiinamisha, jua likaingia chini ya kikonyo. Nikaona mguu wa herufi. Mguu tu, umepinda nje. Nikamwambia. Akasema rudia. Nikarudia. Kisha akataja mji, na akataja jina la fundi, mzima. Akasema kwenye kinasa sauti, "Namba tisa. Imejulikana." Akabonyeza, ikazima.

Alhamisi mliniwekea sauti hiyo nisikie. Nimesikia sauti yangu, nimesikia yake, nimesikia inazima. Yaliyofuata hayamo.

Yaliyofuata ni haya. Mzee alifurahi, akataka kunipa mkono, mimi sikuuona mkono wake. Akauliza, "Una nini?" Nikamwambia habari ya Sabine na kidole. Kwa Kiingereza changu kile. Nilimwonyesha kwa kidole changu juu ya mkono wake, jinsi kinavyotafuta.

Mzee alikaa. Akapeleka mkono kwenye trei. Yeye alikuwa anazijua kwa vidole, hahitaji macho. Akaitoa namba tisa tena kwenye shimo lake, akapitisha gumba lake juu ya msalaba, mara mbili, tatu. Akaniwekea kiganjani. Akasema, polepole, ili nielewe, "Hii ilishazoea kidole. Mpelekee. Akipona, nirudishie."

Nilikataa. Nikasema hapana mzee, ni ya thamani. Akasema, "Imejulikana. Mimi nimemaliza nayo kwa sasa." Kisha akafungua droo, akatoa nakala. Alikuwa na nakala ya namba tisa, ya shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu, aliyomiminisha zamani kwa ajili ya kufundishia. Akaiweka yeye mwenyewe kwenye shimo la tisa. Akasema vidole vyake havipendi shimo tupu.

Ile mliyonionyesha Alhamisi ndani ya kifuko ndiyo hiyo nakala. Nilisema si namba tisa, na leo nasema si namba tisa. Ukingo laini. Vitundu. Saa nne hapajapasuka, pana mkunjo tu. Mama mtaalamu wa sarafu aliyetoka Dallas amesema kweli. Lakini hakuna aliyebadilisha kwa siri. Aliyebadilisha ni mwenye mali.

Saa nane mchana nilikuwa hospitali. Nilitia uzi kwenye kikonyo, nikafunga chini ya punje, pale ulipokuwa msalaba. Kidole cha Sabine kikashuka, kikafika, kikasimama. Hakikurudi tena juu. Kilikaa pale. Alilala siku hiyo bila kuhangaika, na kesho yake, na siku zote kumi.

Halafu akafa.

Alizikwa Fort Worth. Ndugu yake Franck anakaa kule, na wenzetu wa kanisa kule wana eneo lao makaburini. Mwili ulisafirishwa Jumatano tarehe 22. Ijumaa tarehe 24 wanawake walikwenda nyumba ya mazishi kumtengeneza nywele na kumvika. Alida alitoka Houston, mwendo wa saa nne na nusu barabarani, na foleni. Kulikuwa na mama mmoja Mkenya wa Arlington, Mama Lydiah, ndiye anayesuka. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

Mama Lydiah aliiona ile sarafu kwenye rozari. Akainama.

"Shemeji, huyu ni saint gani? Mbona ana uso wa mtu ameamshwa?"

Nikasema, "Wa Ufaransa. Wa zamani."

"Ndiyo maana hajachana nywele. Sabine, usikubali huyu akupokee, mwambie akuitie mwingine."

Wanawake walicheka. Na mimi nilicheka. Alida akasema, "Mnacheka taratibu hivyo, mwenyewe angeshawavunja mbavu." Kisha Alida akachukua rozari, akaizungusha kwenye vidole vya mke wangu mara tatu, akaiweka ile sarafu chini ya kidole gumba. Msalaba juu. Akalikunja gumba likafunga.

Alida hakujua ni nini. Chumba cha sarafu mzee alikuwa anakifunga, ufunguo anao shingoni. Alida aliona trei kwa mbali, dhahabu ni dhahabu. Kwenye rozari aliona medali kama walivyoona wote. Jumamosi tarehe 25 padri aliinyunyizia maji pamoja na mikono. Mimi nilikaa kimya. Sisi rozari ikishaingia mikononi mwa maiti haitolewi. Sijawahi kuona mtu ametoa. Na mimi ningemwambia nani? Ningesema, padri subiri, hii nimeazima?

Afande ameuliza: ilikuwa zawadi au mkopo. Mzee alisema akipona nirudishe. Hakupona. Mtu asipopona inakuwaje, mzee hakusema na mimi sikuuliza. Hilo ni swali ambalo mtu haulizi mke wake yu hai.

Afande ameuliza: kwa nini baada ya mazishi sikwenda kumwambia mzee. Niliona aibu. Alinitumia salamu kupitia Alida, kwamba nisije mpaka nipumzike. Nikasema nitakwenda Jumamosi. Jumamosi ikafika, nikakaa kitandani na viatu. Nikasema Jumamosi ijayo, tarehe 15, hiyo sikosi. Tarehe 9 akafa. Alida ndiye aliyenipigia simu. Alikuwa analia. Nikamuuliza, "Alisema kitu?" Akasema, "Aliuliza kama majani yamekatwa." Basi.

Afande ameuliza kama kuna mtu alisikia mzee akinipa. Hakuna. Kama kuna karatasi. Hakuna. Ni neno langu na wafu wawili.

Mwisho wa Februari mtoto wa ndugu yake mzee alikuja kutoka Dallas na yule mama mtaalamu. Namba tisa ikaonekana ni ya uongo. Kwenye daftari la mzee imeandikwa ya kweli. Mwenye kumwogesha mzee ni Alida, ufunguo ulikuwa shingoni mwa mzee, basi. Jumatatu tarehe 3 Machi mkamkamata Alida mbele ya nyumba yake. Alikaa ndani siku mbili. Ametoka kwa dhamana lakini kazi hana, cheti chake kimesimamishwa. Haruhusiwi kumgusa mgonjwa. Mtu aliyemfunga mke wangu kidole haruhusiwi kumgusa mgonjwa.

Nilijua siku hiyo hiyo. Nikanyamaza. Nilijua nikifungua mdomo mtafungua kaburi. Nilipima. Nikasema Alida yuko hai, ana mume, mambo yake yatanyooka, watakosa ushahidi, watamwachia. Sabine hana mtu isipokuwa mimi. Hivyo ndivyo nilivyopima. Ni kipimo kibaya.

Jumamosi tarehe 15 Machi, saa tatu asubuhi, mume wa Alida, Erick, alinikuta kwenye maegesho ya fleti yetu napakia mashine ya majani.

Akasema, "Kaka Kalisti. Unakata majani ya watu, ya kwako yameota mpaka mlangoni."

Nikasema, "Karibu, Erick."

"Sikaribii. Alida amewaambia polisi sauti ya kwenye kinasa ni yako. Watakuita. Wewe ulivishika vile vidude kila Jumamosi. Mke wangu hakuvishika."

"Sijui kitu, Erick."

"Hujui."

"Sijui."

"Sabine alipokufa nani alikuwa wa kwanza kubisha mlango wako, na sufuria ya maharage imefungwa taulo?"

"Alida."

"Nilitaka tu nisikie kama hilo unalijua."

Akapanda gari akaondoka. Nilikwenda kukata majani. Nilikata nyumba mbili siku hiyo, ya pili nilikata mara mbili, mwenye nyumba akatoka kuniangalia.

Tarehe 20 mkaniita. Nilisema sauti ni yangu, nilisema ile ni nakala. Mliponiuliza ya kweli iko wapi nikasema sijui. Dada Natalia ndiye aliyekuwa anatafsiri. Aliniangalia. Nadhani alijua.

Jana, Jumapili tarehe 23, baada ya misa ya saa sita, nilikuwa natoka kwa mlango wa pembeni. Nilikuwa natoka kwa mlango huo wiki tatu. Alida alikuwa amesimama pale ananingoja. Amekonda. Nilidhani atanitukana. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.

Akasema, "Kaka, Erick amekusumbua, nisamehe. Ana hasira, hana pa kuiweka. Nimesikia walikuita. Usiogope, wewe sema ulichokiona tu."

Nilisogea watu wapite.

Akasema, "Mimi nimewaambia hiyo sarafu sijawahi kuigusa hata siku moja. Nimeapa. Waliniambia niape kwa Biblia, nikaapa. Na kwa Sabine pia nimeapa, moyoni."

Akaniuliza kama nakula. Nikasema nakula. Akaenda.

Aliapa kwa Sabine. Sabine ndiye anayo. Na Alida ameigusa mara moja tu maishani mwake, siku hiyo niliyosema, na hajui. Atajua leo, mkimwambia. Sijamwambia. Sikuweza kumharibia huo wema wake nikiwa namwangalia usoni.

Kwa hiyo nasema: Alida hakuiba. Sarafu namba tisa iko Fort Worth, makaburini, eneo la wenzetu, mstari wa kumi na nne, kaburi la tatu kutoka kwenye njia ya gari. Halina jiwe bado. Lina chuma kifupi na karatasi ya nailoni yenye jina. Iko ndani ya jeneza, mkono wa kulia, chini ya kidole gumba. Mtaijua kwa shanga saba, ngazi mbili, na ufa wa saa nne. Msisahau kikonyo. Uzi wa kikonyo ni mweusi, nilifunga mafundo mawili.

Afande amesema kama wenye mali watashikilia, jaji anaweza kuamuru kaburi lifunguliwe. Nimeelewa. Afande amesema pia huenda mimi nikashtakiwa. Nimeelewa hilo pia, hilo si kitu.

Nina maombi mawili, nimemwomba dada Natalia ayaandike kama nilivyosema.

La kwanza. Kama ni lazima kufungua, nichimbe mimi. Kuchimba najua, nimechimba maisha yangu yote, kambini nilichimba vyoo na makaburi. Msilete mashine. Mashine ina meno na mtu wake anaangalia saa.

La pili. Mkiitoa, msiache kidole kikiwa kitupu. Nimeleta msalaba. Nimeuchonga mwenyewe kwa kipande cha paleti, ubao wa kupangia vigae ghalani, mti mgumu, nimeusugua na msasa mpaka hauna kibanzi. Uko hapo mezani kwa afande. Si dhahabu. Ila una mahali pa gumba, nimepachimba kidogo.

Mzee alisema ile sarafu ilishatolewa kaburini kwa mwanamke mara moja. Jina la fundi likajulikana, jina la mji likajulikana. Jina la mwanamke hakuna anayelijua. Nilimuuliza mzee siku moja, akasema hizo hazimtaji. Huyu wa sasa anaitwa Sabine. Mwandike kwenye kitabu cha mzee.

Nilichonacho kimeisha. Dada Natalia amenisomea yote kwa Kiswahili, nimesikia, ni maneno yangu, sikutishwa wala sikuahidiwa kitu. Kazini nimeomba ruhusa ya siku moja na ni hii.

Sahihi ya shahidi: K. Barampama

Maelezo ya mpelelezi: Nimeandika maelezo haya leo tarehe 24 Machi 2025 kupitia mkalimani aliyetajwa hapo juu, ambaye ameyasoma kwa shahidi neno kwa neno. Yamemalizika saa 6:35 mchana. Mkalimani aliomba mapumziko mara moja, dakika kumi, shahidi hakuomba. Shahidi alitia sahihi herufi moja moja. Msalaba mdogo wa mbao umepokelewa na kuandikwa kwenye orodha ya vielelezo kwa ombi lake, ingawa aliambiwa si ushahidi. Alipoulizwa apatikane saa ngapi kwa simu, alisema baada ya saa tisa alasiri, kwa sababu ghalani simu hufungiwa kwenye kabati. Aliulizwa kama ana mahali pa kukaa na watu leo. Alijibu kuwa kesho anarudi kazini.

R. Salinas, mpelelezi